Wino wa Matunda Juu ya Gazeti: Mchungaji Livingstone na Karatasi za Ujiji

 

Mgeni akishuka Ujiji hupelekwa kwenye miembe ya kumbukumbu, akaonyeshwa mahali mwandishi wa habari Stanley alipomkuta Livingstone, kisha akaondoka na ile salamu mashuhuri kinywani, “Dr. Livingstone, I presume?” Leo naomba tuiweke kando. Stanley ndiye aliyeisimulia, na katika shajara yake mwenyewe kurasa za siku ile zimechanwa. Livingstone hakuiandika. Mimi nazitaka karatasi ambazo mzee yule alikuwa nazo alipoingia mji huu.

Alianza kama mchungaji na mwalimu. Alibarikiwa mwaka 1840, akatumwa kusini mwa Afrika, na kule Kolobeng yeye na mkewe Mary wakaendesha shule. Sechele, mtawala wa Wakwena, alijifunza kusoma kwake. Shule aliiacha, ila kalamu hakuiacha mpaka anakufa.

Ujiji alifika mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1869, hoi kwa maradhi. Barua alizoandika hapa mwaka ule nyingi hazikufika pwani, maana wafanyabiashara wa watumwa waliogopa yaliyomo. Julai akaondoka kwenda Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Huko karatasi zikamwishia, na wino pia. Mwaka 1871 akachukua kurasa za The Standard, gazeti la London la Novemba 1869, akazilaza upande na kuandika akiikata mistari iliyochapwa, kwa wino wa matunda ya porini. Nimezitazama picha zake kwa muda mrefu: habari za Uingereza zinakwenda huku, habari za Manyema zinakwenda kule, neno juu ya neno. Wino ule ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki, mpaka wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipoyapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kuyatoa hadharani mwaka 2011.

Kilichofufuka ni kizito. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe kando ya Lualaba, watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliwamiminia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa kuzama mtoni. Livingstone aliona kwa macho yake. Habari hiyo tuliijua kupitia kitabu cha shajara za Livingstone alichokihariri rafiki yake Horace Waller na kukichapisha mwaka 1874. Lakini kurasa za gazeti ni kali kuliko kitabu: wapagazi waliotumwa kwake kutoka Zanzibar wanaonekana wabaya zaidi humo, na wataalamu hao wakauliza kama baadhi yao walishiriki maovu ya siku ile. Livingstone mwenyewe alipunguza makali alipokuwa akinakili. Kwa hiyo nashikilia kwamba kitabu kilichosafishwa hakitoshi kuwa shahidi wetu. Tuanze na karatasi chafu.

Baada ya Nyangwe alirudi Ujiji akiwa mifupa mitupu, akakuta mali yake yote imeuzwa na mtu aliyeitwa Sharif, aliyedai kuwa amepiga ramli na kuona kwamba mwenye mali amekufa. Kwa hesabu ya Livingstone ilikuwa tarehe 23 Oktoba. Stanley anasema alimkuta tarehe 10 Novemba, wakati shajara ya mzee inaelekeza mwishoni mwa Oktoba. Maradhi yalikuwa yamemvurugia siku, na hilo pia karatasi zinatueleza.

Alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliubeba mwili wake na vitabu vyake vya mwisho mpaka pwani. Wainwright, Myao aliyesomeshwa Nashik huko India, aliandika shajara yake mwenyewe ya safari ile. Susi na Chuma walikwenda Uingereza wakamsaidia Waller kuyaelewa maandishi. Majina yao yalistahili kuwa kwenye jalada la kitabu kile.

Sasa nawageukia ninyi, wenye nyumba za Ujiji. Mji huu ulikuwa na watu wa kuandika kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Kama babu aliacha barua, hesabu ya madeni au hati ya shamba ndani ya kasha, msiichome wala msiiachie mchwa. Ipigeni picha kwanza, pande zote mbili, hata kama hakuna nyumbani awezaye kuisoma.