Marisau ya Chuma Si ya Kila Bunduki

Mazungumzo na wakazi wenye leseni ya bunduki na familia zao



Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Hata hivyo, wako wakazi wanaomiliki bunduki za marisau kwa leseni, na nyingine ni kuukuu. Hao ndio wanaohusika hapa.

Tangu zamani marisau yalitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Bata humeza marisau yaliyobaki kwenye matope wakidhani ni changarawe. Yakisagika katika firigisi, sumu huingia damuni na ndege hufa. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 1991 Marekani ilikataza marisau hayo katika uwindaji wa ndege wa majini. Denmark iliyakataza kabisa mwaka wa 1996. Mkataba wa kulinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya, ambao Kenya ni mwanachama, unataka yasitumike tena katika ardhioevu.

Basi viwanda vimegeukia chuma, na hapo ndipo mwenye bunduki ya zamani anapaswa kuwa macho.

Risasi ni laini na hubonyea ikipita mtutuni. Chuma ni kigumu, hakibonyei. Mtutu wa zamani ulio mwembamba unaweza kukwaruzwa ndani. Ukiwa umebanwa sana mdomoni, unaweza kuvimba au hata kupasuka, mkono wa mpigaji ukiwa papo hapo. Tena, marisau ya chuma yakigonga jiwe hurudi kwa nguvu kuliko ya risasi.

Kabla ya kutumia marisau ya chuma, mwenye bunduki azingatie haya:

Kwanza, asome sanduku. Katriji za chuma na za risasi zaweza kufanana kwa nje.

Pili, alinganishe urefu. Bunduki nyingi za zamani zilichongwa kwa katriji ya milimita 65. Ya milimita 70 inaweza kuingia bila shida, lakini ikifyatuliwa ganda lake hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda.

Tatu, ampelekee bunduki fundi mwenye kibali. Fundi atapima unene wa mtutu na mbano wa mdomo, na kusoma alama zilizogongwa kiwandani.

Nne, fundi akisema haifai, neno hilo lisipuuzwe. Yako marisau ya bismuthi, yasiyo magumu kama chuma, yanayofaa bunduki nyingi za zamani.

Kwa familia, marisau ya risasi yaliyobaki nyumbani yasiwe mchezo wa watoto, kwa maana madini hayo hudhuru ubongo wao. Aliyeyashika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Tahadhari kabla ya hatari. Bunduki iliyodumu tangu enzi za babu inaweza kuharibiwa na mlio mmoja, na kidole kilichokatika hakioti tena.