Kariakoo, Mji wa Wapagazi



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya watu wa Kariakoo, pale katikati ya jiji la Dar es Salaam. Tunasikia huko vijijini mkisema, "Kariakoo hakuna utu, kuna fedha tu." Sisi tuliolelewa pale tunawaombeni mtusikilize kwanza.

Jina lenyewe linatoka vitani. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Magari hayakutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Basi mizigo ilibebwa na watu: unga, risasi, kila kitu. Watu hao walichukuliwa vijijini, wengi kwa nguvu. Maelfu walikufa, na waliouawa na maradhi ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kambi yao ilikuwa hapo. Ndimi zetu zikaligeuza jina, likawa Kariakoo. Mjini ipo sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, ameshika bunduki. Mpagazi hana sanamu. Huenda babu wa mmoja wenu alikuwa mpagazi.

Baada ya vita watu walijenga. Wazaramo walikuwa wenyeji. Wakaja Wamanyema kutoka Kongo, Wanyamwezi, Washihiri na Wahindi wenye maduka. Someni majina ya mitaa: Kongo, Pemba, Mafia, Sukuma, Nyamwezi. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati. Kila chumba kabila lake, lakini uani ni mmoja na choo ni kimoja. Hapo mke wa Mnyamwezi alifundishwa kukuna nazi na jirani yake Mzaramo, huku wakitaniana. Ugomvi ulikuwapo, tena mwingi, hasa juu ya zamu ya kufagia! Lakini mtu akifa, nyumba nzima imefiwa. Katika mitaa hiyo hiyo TANU ilizaliwa, tarehe 7 Julai 1954. Mkitaka kutuona tumegawanyika, ngojeni Simba na Yanga zicheze. Makao ya Simba ni hapo, na ya Yanga ni jirani tu.

Soko kubwa lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni kama miavuli iliyopinduliwa. Liliungua Julai 2021, na Serikali ikaamua kulikarabati.

Siku hizi nyumba za vyumba sita zinabomolewa. Maghorofa yanapanda, na wengine wanachimba maduka hata chini ya ardhi. Wanunuzi wanatoka mpaka Zambia, Malawi na Kongo. Biashara ni nzuri, hatukatai. Lakini tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja lilianguka, asubuhi, watu wamo ndani. Zaidi ya watu 20 walikufa. Waokoaji walivunja zege kwa nyundo na kufukua kwa mikono. Walikuwa hawajuani makabila, na hakuna aliyeuliza.

Sisi hofu yetu ni uani. Ghorofa halina uani. Watoto wetu watajuana wapi?

Wapagazi bado wapo. Njooni asubuhi muwaone wakipita na marobota ya nguo kichwani, wakipiga kelele wapishwe njia. Siku hizi wanaitwa wachukuzi. Wengi wametoka vijijini, kama wale wa kwanza.