Deni la Maji: Hotuba katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Julai 1955, huko Matombo, Waluguru walikataa kushurutishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, mpango ukaachwa. Kuhifadhi udongo kulikuwa jambo jema. Kosa lilikuwa kuwaamuru wenye ardhi bila kuwasikiliza.

Leo Morogoro na Dar es Salaam zinakunywa maji ya milima hiyo. Wa mlimani huambiwa asilime kingoni wala asikate mti, ili wa bondeni anywe. Basi sisi wa bondeni tuna deni. Upatanisho ni kuwasikiliza kabla ya kuwaagiza, na kuwafidia wanachokiacha kwa ajili yetu. Mungu atusaidie kulilipa. Amina.