Mapatano ya Ujira

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, Sura ya Al-Qasas inatusimulia habari za Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan, mkimbizi mwenye njaa, hana jamaa wala pa kulala. Mzee wa pale, ambaye wafasiri wengi wamesema ni Nabii Shuaibu na wengine wamekataa, alitaka kumwajiri. Tazameni alivyofanya. Alitaja atakachompa, akataja muda, miaka minane, na kumi ikiwa Musa atapenda mwenyewe, akaeleza kuwa hataki kumtia mashakani. Musa naye akaweka sharti lake, kwamba muda wowote atakaoutimiza katika miwili hiyo, asidhulumiwe. Mnyonge alikuwa na neno, na neno lake likasikizwa.

Lakini bandarini au kiwandani, mtu mmoja mbele ya tajiri mwenye vibarua elfu hana sauti. Wazee wa Mombasa walilijua hilo. Januari 1947 makuli wa Kilindini, watu wa reli na wengineo, kiasi cha 15,000, waliacha kazi siku 12, wakikutana Kiwanja cha Maskini, Mwislamu na Mkristo, mpwani na mtu wa bara. Wengi bandarini walikuwa vibarua wa siku: leo ana kazi, kesho hana. Chege Kibachia, aliyekiongoza chama kilichozaliwa katika mgomo ule, alikamatwa mwaka huo huo na kuhamishwa mbali.

Leo Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya kuingia chamani na ya kugoma, na inavipa vyama na waajiri haki ya kupatana kwa pamoja. Mkataba wa namna hiyo ukisajiliwa mahakamani unawafunga wote wawili. Na sisi tumeamrishwa mwanzoni mwa Sura ya Al-Maida kutimiza mikataba. Basi mfanyakazi anayeiba saa za kazi naye asidhani amesalimika.

Hata hivyo hila hazikwisha. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo hata ikatimia mwezi ahesabiwe wa mshahara wa mwezi. Wako wanaomsimamisha kibarua siku mbili tatu, kisha wakamwandika upya, ili mwezi usitimie. Tena wengine wao tunasali nao safu moja.

Kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu alinijia. Mwajiri wake amempa karatasi atie sahihi kwamba anatoka chamani, ndipo mkataba wake urefushwe. Akaniuliza, "Sheikh, nikitia sahihi na moyoni nimebaki, nina dhambi?" Nikamwambia asiandike uongo. Nikamwambia pia kwamba sharti lile Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007 imelikataza, basi aende na wenzake, asiende peke yake. Alinyamaza kidogo, akasema kodi ya nyumba ni tarehe tano.

Sikuwa na jibu la kodi. Jibu hilo mnalo nyinyi mnaoajiri, mliokaa mbele yangu hapa.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira, kwangu na kwenu.