Kumpata Mzimamoto Aliyepotea Ndani ya Moshi

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu usalama wa moto



Tarehe 3 Desemba 1999, ghala kuukuu la orofa sita lilishika moto mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Halikuwa likitumika, lakini ilidhaniwa kwamba watu wasio na makao walikuwa wamejihifadhi ndani. Wazimamoto wakaingia kuwatafuta. Wawili walipotea katika moshi huku hewa ya mitungi yao ikiisha. Sauti zao zilisikika kwa redio, ila hakuna aliyejua hasa walipo. Wenzao wanne walipotea wakiwatafuta. Wote sita walifariki. Waliokuwa wakitafutwa walikuwa wameshatoka, wala hawakuripoti moto huo.

Msiba huo uliwasukuma watafiti wa Worcester Polytechnic Institute, chuo cha mji huohuo, kutafuta njia: ikiwa redio huleta sauti ya mtu, kwa nini isionyeshe pia mahali alipo?

Wengi watauliza, si kuna GPS? Setilaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Mawimbi yake hufika yakiwa dhaifu, na zege na mabati huyazuia. Kwa hivyo, ndani ya jengo ni lazima mawimbi yatoke karibu.

Mzimamoto huvaa kifaa kidogo kinachotuma mawimbi ya redio. Vipokezi huwekwa nje kuzunguka jengo, kwa mfano kwenye magari ya zimamoto. Kipokezi kilicho karibu hupata mawimbi mapema kuliko kilicho mbali, na kompyuta hutumia tofauti hiyo kukadiria alipo.

Kazi hii inahitaji saa sahihi mno. Mawimbi husafiri sentimita 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Saa ikikosea kwa sehemu 10 kama hizo, umbali hukosewa kwa mita 3, na hiyo yaweza kuwa tofauti ya orofa nzima.

Tena kuta na vyuma hurudisha mawimbi kama mwangwi. Ndiyo sababu hutumika mawimbi yanayoenea katika masafa mapana, ambayo hurahisisha kutenganisha yaliyofika moja kwa moja na yaliyogonga ukuta kwanza. Pasipo na vizuizi, vifaa vya aina hii huweza kupima kwa kukosea sentimita 10 hadi 30 tu.

Hata hivyo, hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya taarifa ya mkazi. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za zimamoto ni jukumu la kaunti. Moto ukizuka, piga 999 au 112. Taja jengo, orofa na iwapo kuna mtu ndani. Ukishatoka, usirudi. Mwendee mzimamoto wa kwanza unayemwona, umwambie kwamba umetoka, asije akaingia motoni kumtafuta mtu ambaye hayumo.