“Have” mbele ya -na na -me-: mada kwa walimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza



Wiki yangu ya kwanza sekondari, mwalimu wa Kiingereza alisimama mbele ya dawati langu akaniona nimekaa mikono mitupu, wenzangu wanaandika. Akauliza: “Don’t you have a pen?” Swali nililielewa. Nikajibu bila kusita: “Yes.” Akasubiri niitoe kalamu. Akauliza tena, nikajibu vilevile. Nilipigishwa magoti nje mpaka kengele ilipolia, kwa kosa la kumdanganya mwalimu. Sikumdanganya. “Huna kalamu?” “Ndiyo, sina.” Ndivyo tunavyojibu nyumbani. Kiswahili hukubali au hukataa maneno ya aliyeuliza. Kiingereza hutazama kalamu yenyewe, ipo au haipo. Sikuelezwa hilo hadi nilipofika chuo cha ualimu.

Mtoto wa shule zetu za serikali amesoma msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hafiki mtupu. Anafika na sarufi nzima kichwani, na hiyo ndiyo anayoitumia kuunda sentensi za lugha ngeni. Ninachotaka kuwashawishi leo ni kwamba makosa mengi ya “have” tunayoyapiga kalamu nyekundu ni Kiswahili sahihi kilichovishwa maneno ya Kiingereza, na mwalimu anayejua yanakotoka atayawahi kabla hayajaandikwa.

Tuanze na -na. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinacholingana na “have”. Tuna -na, ileile ya “mimi na wewe”. Ukienda wakati uliopita au ujao inajionyesha: nilikuwa na, nitakuwa na. Kumiliki kitu kwetu ni kuwa pamoja nacho, na wenzetu wa Kenya husema waziwazi “niko na gari”. Kwa hiyo mtoto akiandika “I am with two brothers”, ametafsiri kwa uaminifu kabisa.

Hiyo -na inabeba mizigo ambayo “have” haibebi. Nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina haraka, nina miaka 14. Mtoto anaandika “I have hunger”, “I have 14 years”. Tukimwambia tu kwamba hapa hutumika “am”, kesho yake anatuletea “I am fever”, maana nina homa nayo inafanana na nina njaa. Mimi huwapa wanafunzi wangu njia hii: ugonjwa ni kitu ulichonacho, kwa hiyo homa, mafua na kikohozi vinabaki na “have”; lakini njaa, kiu, usingizi na umri Kiingereza huvihesabu kuwa sifa za mtu, kama urefu wake. Si kanuni isiyo na mwanya, lakini inamvusha mwaka wa kwanza.

Tena -na hiyohiyo imejificha ndani ya kuna, pana na mna. Ndiyo sababu tunasoma “In our class has 60 students”. Mwandikie ubaoni ku-na, aone mwenyewe.

Kuhusu “Does she has?” nitasema machache. Kiswahili mara nyingi hurudia kiambishi cha mtenda kwenye kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu: alikuwa anasoma, a- mara mbili. Mtoto aliyezoea hivyo haoni kwa nini “does” ikichukua “s” basi “has” irudi kuwa “have”. Mwambie kwamba Kiingereza huweka alama hiyo mara moja tu.

Penye kazi kubwa ni -me-. Vitabu vingi hufundisha kwamba -me- ni “have” au “has” pamoja na kitenzi: amekula, “he has eaten”. Ni kweli, na kweli hiyo inatuponza. Niliwahi kuwapa wanafunzi picha ya mama aliyeketi mkekani na mtoto mgongoni. Binti mmoja akaandika: “The mother has sat. She has worn a kanga. The baby has slept.” Maumbo yote matatu ni sahihi, hakuna herufi iliyokosewa, na bado picha imepotea. Kwa msomaji wa Kiingereza, mtoto aliye “has slept” huenda ameshaamka yuko macho, na kanga ile iliwahi kuvaliwa siku fulani.

Angalieni kinachotendeka. Kulala, kukaa, kusimama, kuvaa, kushika: vitenzi hivi kwetu ni kuingia katika hali. Anavaa ni yule ambaye mkono mmoja bado unatafuta tundu la shati. Akimaliza, amevaa, na anaendelea kuwa amevaa mpaka avue. Kiingereza humwita huyo “is wearing”. Amelala ni “is sleeping”, amekaa ni “is sitting”. Kisha wako wa aina nyingine, amechoka, ameshiba, amekasirika, ambao Kiingereza huwapa “is” na sifa: “is tired”, “is full”, “is angry”. Wanaobaki, amekula, ameandika, amevunja, ndio wa “has”. Swali la kumpa mtoto ni hili: bado yumo ndani ya hali ile? Kama yumo, asikimbilie “has”.

Kisha kuna “jana”. Sisi husema “Shangazi amefika jana” na hakuna anayeshtuka, kwa sababu Shangazi bado yupo sebuleni. Kiingereza hakikubali “has arrived yesterday”. Ukishaitaja siku iliyopita, mlango wa “has” umefungwa, sema “arrived yesterday”. Ukitaka kuibakiza “has”, iache siku: “Auntie has arrived.”

Ndugu Mwenyekiti, naomba muda uliobaki tuutumie kwa kazi ya vikundi. Chukueni vitenzi hivi: amepotea, amebeba, amejificha, amezoea, ameoa, amefunga. Kila kikundi kitafute sentensi ya Kiswahili cha kila siku, kiamue Kiingereza chake, na kieleze kwa Kiswahili kwa nini. Kwenye “amefunga” mtabishana sana, maana kuna aliyefunga mlango na kuna aliyefunga Ramadhani.