Liondoe Gogo la Mnazi Lililooza

Msikilizaji wa Rabai, tazama kilele cha mnazi wako. Makuti mapya yamekatwa kama kwa mkasi? Huyo ni chonga, mdudu mweusi mwenye pembe. Usiku huchimba hadi moyo wa mnazi. Moyo ukifa, mnazi hauchipui tena: nazi hakuna, wala mgema hana la kugema.

Lakini chonga hazaliwi kileleni. Hutaga mayai kwenye gogo lililooza, au kwenye rundo la samadi. Humo ndimo funza wake hukulia, weupe, wanene, wamejikunja.

Basi liondoe gogo. Mnazi ukifa, ukate, upasue, uchome. Samadi igeuze mara kwa mara. Ukiona funza, wape kuku. Na tundu alilochimba kileleni likiwa jipya, mkwezi amtoe chonga kwa waya wenye ndoano. Liondoe gogo lililooza, na zungumza na jirani aondoe lake.